Matone Matatu ya Mafuta

Hospitali sitaitaja. Nilitia sahihi karatasi ya kunyamaza,
na jina langu, Musembi, bado limo katika faili lao.
Niseme tu kwamba lifti ilikuwa na kitufe kisicho na namba,
na mimi ndiye niliyelinda pale kitufe hicho kilipoishia,
mimi na mbwa watatu wa kampuni, mnyororo mmoja.

Nyangweso alishuka kwa ngazi siku ya kumi na tisa,
nyatiti kwapani kama mtoto mwenye homa.
Mkewe, Akeyo, alikuwa droo ya saba.
Deni: laki nne na ushee, na kila alfajiri
chumba cha baridi kiliongeza kodi yake.
Alikwisha uza ng'ombe, akauza cherehani,
akabaki na nyuzi nane na njuga za mguuni.

Hakuniomba. Aliketi kwenye kigoda,
akavaa pete ya chuma kidole cha mguu,
akapiga.

Nimelinda benki, nimelinda ghala la mchele, nimelinda harusi;
muziki siujui. Lakini mbwa walilala, mmoja mmoja,
jokofu likaacha kunguruma kama mtu aliyeambiwa ngoja, sikia,
na saa nane za usiku nikamwona mhasibu wa zamu
amesimama ngazini, viatu mkononi.
Hakulia. Alisema, "Kesho droo ya saba sitaihesabu,"
akapanda juu.

Basi nikampa sharti.
Kamera iko mwisho wa ujia, inatutazama kwa nyuma.
Huona visogo, na kisogo hakina jina.
Tangulia, nikamwambia, mimi nasukuma nyuma yako.
Hatua arobaini na mbili mpaka kwenye pikapu ya binamu yako.
Usigeuke. Hata nikikohoa. Hata Akeyo akikuita.

Hapa ndipo koo langu hukwama.
Kitanda kile cha magurudumu kilikuwa na mlio,
kwii, kwii, wa kuamsha wodi nzima.
Nikaona huruma ni kukinyamazisha.
Nikachukua mafuta ya kupikia, yaliyobaki kwenye chakula changu,
matone matatu, gurudumu la kushoto.
Kikateleza kama uongo.

Sikujua kwamba mlio ule ndio uliomshusha mkewe,
kwamba aliubeba sikioni siku zote kumi na tisa
na uzi wa tano ameukaza mpaka ukalingana nao.
Alitembea akitega sikio. Hatua ya kumi. Ya ishirini.
Nyuma yake hakuna mke, hakuna mtu,
viatu vyangu ni vya raba.
Ya thelathini na tisa: tayari kunanukia mvua juu ya lami,
dizeli, Nairobi yote iko pale nje inangoja,
akageuka.

Tulitazamana. Si mimi aliyekuwa akinitafuta.
Juu ya ujia taa ndogo nyekundu ikapepesa, mara moja.

Akeyo akarudi droo ya saba. Mhasibu akahesabu.

Siku hizi nalinda mbao Gikomba.
Nyangweso nimesikia yuko Kaloleni, anapiga kwa nyuzi saba,
na akifika penye pengo husubiri kwanza.

Kijana mmoja wa udaktari, alikuja kutafuta mbao za kitanda,
aliniambia Wayunani wana kisa cha kale kama hiki:
mpiga kinubi, kuzimu, mke, sharti moja, shingo.
Alisema wasomi hubishana hadi leo kwa nini aligeuka.
Mapenzi, wengine husema. Shaka. Pupa.
Nikamuuliza, na kule kwao, nani alikuwa akisukuma?
Akacheka, akalipia mbao zake.

Geti la ghala hulia kila nikilifungua.
Tajiri ameninunulia kopo la grisi.
Mwezi wa tatu huu, sijalifungua.